Jina Lake ni Mary Khavere

Mzee Ojwang alipofariki Julai 2015, mama mmoja anayeuza mitumba karibu na stendi ya matatu za 58 hapa Buruburu alinishika mkono akasema, “Maskini Mama Kayai, sasa atabaki na nani?” Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kwake yeye, na kwa wengi wetu Eastlands, wale wawili walikuwa mke na mume. Benson Wanjau, ndiye Ojwang, alikuwa Mkikuyu aliyeivaa lafudhi ya Kijaluo ikamkaa kama ngozi. Mary Khavere, ndiye Mama Kayai, hakuwa mkewe. Walikuwa wenzi wa kazi kwenye Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha KBC, wakaigiza ndoa miaka nenda miaka rudi, hata nchi ikaisadiki.

Mimi nililelewa na ndoa hiyo. Sebuleni kwetu Phase 2 tulikuwa na runinga ya kabati, milango miwili na kufuli, ufunguo anao Baba. Siku ya Vitimbi watoto wa majirani walijaa sakafuni mpaka mlangoni. Kabla ya KTN kuja mwaka 1990 stesheni ilikuwa moja tu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akitazama kingine. Namkumbuka Mama Kayai hasa alipokuwa amenyamaza. Ojwang anajitetea, uongo unamponyoka. Mama Kayai amejifunga leso, mikono kiunoni, anamtazama tu. Mama yangu alikuwa anaguna kabla hata yule hajafungua mdomo. Alijua kinachokuja, nasi tulijua, na bado kilipokuja tulivunjika mbavu.

Wapo wanaosema wasanii wa aina yake walikuwa “wakijifanya wao wenyewe tu”. Nalikataa neno hilo kabisa. Kunyamaza kwa kiasi kile, ukashika sebule nzima, ni ufundi. Isitoshe, sisi watoto wa Buruburu, wa Sheng barabarani na Kiingereza darasani, kwake ndiko tulikosikia Kiswahili cha mtu mzima anayegomba, anayebembeleza, anayesuluhisha.

Ila tulipompenda Mama Kayai tulimsahau Mary Khavere, na kusahau huko kuna gharama. Asiyehesabiwa kuwa fundi hakumbukwi mikataba inapoandikwa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji kuwa na haki juu ya uigizaji wake. Hata hivyo wasichana wa mtaani hapa wanaotoka asubuhi kwenda kusaka nafasi za kuigiza huniambia kwamba jambo la kwanza wanaloahidiwa ni kujulikana. Malipo huulizwa kwa aibu, mlangoni, wakati wa kuondoka. Kipindi kikirudiwa, hakuna anayewapigia simu.

Ndiyo maana toleo hili lote la jarida letu ni la waigizaji wa kike. Kwenye jalada tumeandika MARY KHAVERE kwa herufi kubwa, na Mama Kayai chini yake, kwa herufi ndogo.