«Umechelewa, rudi nyumbani»: neno linalowabebesha wamama wa Djugu mimba wasizozitaka

Bunia, Ituri. – Wiki iliyopita niliketi mbele ya hema la mama mmoja katika kambi ya wakimbizi, upande wa Djugu. Jina lake nalihifadhi. Kituo cha afya pia sikitaji, maana si kimoja tu kinachofanya hivyo. Mama ana watoto watano. Sindano yake ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu, ilipaswa kurudiwa siku ya Jumanne. Jumatatu usiku masasi yalilia kijijini kwao. Alibeba watoto, akalala porini, kisha akatembea mpaka kambini. Alipofika mbele ya muuguzi alikuwa amechelewa siku 12. Jibu alilopewa ni hili: «Mama, umechelewa. Rudi nyumbani, utakuja ukiona siku zako.»

Siku zake hakuziona. Leo ana mimba ya miezi minne. Mume anamwita mzembe, na mama mkwe anasema dawa hizo ni uongo mtupu.

Mimi nasema bila kuzunguka: mama huyu hakukosa. Amekosa yule aliyemrudisha mikono mitupu.

Tuangalie mambo yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kwamba sindano ya miezi mitatu inaweza kurudiwa hata kama mwanamke amechelewa mpaka wiki 4, bila kumtaka atumie kinga nyingine. Siku 12 si wiki 4! Angedungwa siku ileile na kurudi kwa watoto wake. Tena, kumwambia asubiri siku zake ni neno la ajabu, maana wanawake wengi wanaotumia sindano hiyo hawaoni siku zao kwa miezi. Anasubiri kitu ambacho dawa yenyewe imekizuia, na wakati anasubiri, kinga inakwisha mwilini.

Na aliyepita wiki 4? Huyo pia harudishwi hivihivi. Anaulizwa maswali machache, anapimwa mimba kama kipimo kipo. Ikionekana hana mimba, anadungwa, kisha anatumia kapoti kwa siku 7. Kama bado kuna mashaka, anapewa kapoti na siku ya kurudi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anapewa matusi.

Kwenye vidonge ni vilevile. Wamama wananiambia: «Nilisahau kimoja, nikaogopa, nikaacha vyote.» Hapana, mama, usiache! Ukisahau kidonge kimoja cha kila siku, kimeze mara unapokumbuka, na kinachofuata ukimeze kwa saa yake, hata ikiwa ni viwili kwa siku moja. Kama umekosa viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja mara moja, endelea na pakiti, na tumia kapoti siku 7. Ikiwa ni katika wiki ya tatu ya pakiti, usipumzike: maliza vyenye dawa na uanze pakiti mpya siku inayofuata. Anayenyonyesha amuulize muuguzi ni vidonge gani amepewa, maana baadhi havivumilii kuchelewa zaidi ya saa 3, na hapo kapoti inahitajika kwa siku 2.

Kama umelala na mwanaume bila kinga katika siku hizo za kuchelewa, kuna kidonge cha dharura. Kimezwe mapema iwezekanavyo: ndani ya saa 72 ni vizuri zaidi, na bado kinaweza kusaidia mpaka siku ya 5. Hakitoi mimba, kinazuia isiingie. Na aliyebakwa asingojee kesho. Afike kituoni ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi pamoja na mimba. Hapa Bunia, kituo Karibuni wa Mama cha shirika SOFEPADI kinapokea wanawake wa namna hiyo.

Najua watakaonikasirikia. Tayari mzee mmoja aliniambia: «Mwandishi, watu wetu wanauawa kila siku, na wewe unataka wamama wasizae?» Mzee wangu, nakuheshimu. Hakuna aliyesahau usiku wa tarehe 1 Februari 2022 katika kambi ya Plaine Savo, ambako watu zaidi ya 60 waliuawa. Lakini nijibu: mama huyu atazalia wapi? Mwezi wa tatu 2024, watu wenye silaha waliingia hospitali ya Drodro, wakamuua mgonjwa akiwa kitandani. Barabara namba 27 inafungwa na kufunguka kama mlango. Mama akitokwa na damu usiku kambini, nani atamfikisha kwa daktari? Jamii haiongezeki kwa kuzika wamama na vichanga. Inaongezeka watoto waliopo wakila, wakisoma na kuishi.

Waume nao wasikie. Kuna wanaoficha fishi ya mke ili asiende kudungwa. Sheria ya afya ya nchi yetu ya tarehe 13 Desemba 2018 iko wazi: mume na mke wasipoelewana juu ya njia ya kupanga uzazi, mapenzi ya yule mwenye kuitumia ndiyo yanayotangulia. Hiyo ni sheria ya Kongo. Haikuletwa na redio yangu.

Basi nadai mambo manne. Kwanza, maofisa wa zoni za afya wawakumbushe wauguzi wote zile wiki 4, na wazibandike ukutani kwa Kiswahili. Pili, wanaoleta dawa waweke kidonge cha dharura katika kila kituo kinachopokea wakimbizi. Tatu, mwanamke anayeona hali inaharibika anaweza kudungwa mpaka wiki 2 kabla ya siku yake. Aambiwe hivyo, asisubiri masasi yamtangulie. Nne, sindano ndogo ya chini ya ngozi ipewe wamama waende nayo. Haihitaji friji, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linakubali mwanamke ajidunge mwenyewe baada ya kufundishwa. Mwanamke wa Djugu anayeweza kukimbia na watoto watano usiku atashindwa na sindano moja?

Wauguzi wetu wengi wanafanya kazi bila mshahara wa kutosha, na wengine wamekimbia pamoja na wagonjwa wao. Hilo nalijua, na nawaheshimu. Lakini kumdunga mama aliyechelewa siku 12 hakuhitaji mshahara mpya. Kunahitaji kuacha neno moja tu.

Mama anapofika amechelewa, usimuulize kwa nini hakuja. Angalia njia aliyopita, kisha mpe sindano yake.