Kwa nini tairi la baiskeli linamgharimu mkulima kuliko la gari?

Mchuuzi wa maziwa anayetoka kijijini alfajiri na madumu mawili kwenye keria hubadilisha tairi la nyuma mara nyingi kuliko jirani yake mwenye pikapu. Akiuliza dukani kwa nini kitu chepesi namna ile kina bei ile, hujibiwa kuwa dola imepanda. Jibu hilo halitoshi, maana dola ikipanda inampandia na mwenye gari.

Tuanze na mizani. Tairi la baiskeli ya inchi 28 lina uzito wa kilo moja hivi, na la pikapu ndogo kama kilo kumi. Tuchukue mfano wa shilingi 15,000 kwa la baiskeli na 150,000 kwa la pikapu. Kwa kilo, bei ni ile ile. Hapo hakuna aliyepunjwa.

Maumivu yako kwenye mzigo. Tairi la gari likitunzwa hufika kilomita 40,000. La baiskeli, kwa njia zetu za changarawe na magunia ya lumbesa, likifika 5,000 limejitahidi. Kwa bei za mfano wetu, matairi manne ya pikapu yanakula shilingi 15 kwa kilomita, na mawili ya baiskeli shilingi 6. Lakini pikapu imebeba nusu tani na baiskeli kilo 100. Kwa hiyo kila kilo 100 zinamgharimu mwenye pikapu shilingi 3 za tairi, na mwenye baiskeli 6. Mafuta hatujayagusa, na huko baiskeli inashinda. Kwa upande wa tairi, maskini analipa mara mbili.

Sababu ya kwanza iko kiwandani. Tairi dogo nalo linahitaji nyuzi, waya wa ukingoni, kuungwa na kuchomwa ndani ya kalibu lake. Mpira unaotumika ni kidogo, lakini hatua za kazi hazipungui kwa kiasi hicho. Ya pili ni safari: kutoka kwa mwagizaji hadi kwa muuzaji wa jumla, kisha duka la wilaya na duka la kijiji, na kila mmoja ana faida yake. Hata kiwanda cha General Tyre cha Arusha, ambacho uzalishaji wake ulisimama miaka ya 2000, watu wanakikumbuka kwa matairi ya magari.

Tena mwenye gari ana njia ya kukwepa. Anaweza kununua tairi lililotumika, na mwenye lori huliwekea mpira mpya juu. La baiskeli likiisha, kazi yake ni kukatwa mipira ya kufungia mizigo.

Nafuu iliyopo ni ndogo, lakini ni ya kweli. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na mara nyingi ni kikubwa kuliko cha gari dogo. Wengi tunabonyeza kwa kidole gumba na kuridhika, kisha rimu inakata tairi kabla halijalika. Tairi la nyuma likiisha, hamishia la mbele huko, na jipya lifungwe mbele. Na wachuuzi kumi wa kijiji kimoja wakichanga na kumtuma mmoja mjini kwa bei ya jumla, faida ya duka mbili inabaki mifukoni mwao, ukiondoa nauli. Ila wakubaliane saizi kabla hajaondoka, kwani la inchi 26 halikai kwenye rimu ya 28.