Mashairi Jukwaani: Tuwaondoe Watoto Wetu, au Tuwafuate?





Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa hapa kwetu Rugerero alinifuata mlangoni mwa msikiti, simu mkononi. "Mwalimu," akaniambia, "hebu tazama binti yako anavyotuaibisha." Anamwita binti yangu kwa kuwa nilimsomesha mimi, tangu alifu mpaka akahitimu Juzuu Amma. Sasa yuko chuo kikuu.

Nikatazama. Binti amesimama katika chumba cha michezo ya kuigiza cha chuo, amejisitiri vizuri, taa ni moja tu. Mwanafunzi mwenzake, msichana pia, anamimina maji polepole kutoka kwenye jerikani kwenda kwenye beseni. Binti anasoma shairi lake la Kiswahili juu ya usiku ule wa Mei 2023, mto Sebeya ulipotuingilia majumbani. Beseni linajaa, maji yanamwagika sakafuni, yanafika miguuni pake, naye anaendelea kusoma. Basi, ndiyo yote.

Mzee ameapa kwamba muhula ukiisha, binti harudi chuoni.

Mzee wangu ananiheshimu nami namheshimu. Lakini nasema wazi kwamba amekosea, na wengi wetu tunakosea pamoja naye.

Kwanza, tuanze na dini, maana ndiyo inayotajwa. Watu wanapenda kutaja Surat Ash-Shu'araa, pale washairi wanapolaumiwa. Wanaanza aya ya 224, wanaishia ya 226. Je, ya 227 nani ataisoma? Humo Allah (s.w.t.) anawatoa katika lawama walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Yeye kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwekea Hassan bin Thabit mimbari ndani ya msikiti, asimame na kusoma mashairi yake. Ndani ya msikiti, ndugu zangu! Na Al-Khansaa, mwanamke aliyewalilia ndugu zake kwa mashairi, alisilimu na Waislamu hawakumfunga mdomo. Kinachopimwa ni maneno na adabu ya msemaji. Jukwaa peke yake ni mbao tu.

Pili, tuangalie lugha yetu. Mwaka 1858, huko upande wa Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha ambao mpaka leo unasomwa. Mama Mwislamu, kalamu mkononi! Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alifundisha michezo ya kuigiza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tamthilia yake Kinjeketile, iliyotoka 1969, inahusu Vita vya Maji Maji. Kwa hiyo maji jukwaani si jambo lililozuliwa jana na binti wa Rugerero.

Hata hapa Rwanda njia hii ina watu wake. Baada ya mwaka 1994, Koulsy Lamko, mwandishi kutoka Chad, alianzisha kituo cha sanaa katika chuo kikuu cha Butare. Nchi ilikuwa na maneno mengi yaliyokwama kooni, na vijana walihitaji mahali pa kuyatoa. Huko huko Butare, mwaka 2004, Odile Gakire Katese aliwakusanya wanawake wakapiga ngoma zilizokuwa za wanaume tu, wakaitwa Ingoma Nshya. Walisemwa sana. Leo wanajulikana dunia nzima.

Najua mtanijibu: "Mwalimu, huko kuna machafu." Ni kweli, yapo. Yapo maonyesho ambayo mwili unaachwa wazi na dini inafanyiwa mzaha, na huko mtoto wetu asikanyage. Lakini tuwe waadilifu. Sisi hawa hawa tunaokasirishwa na shairi, harusini tunakodi spika kubwa mpaka saa saba za usiku na hatuulizi nyimbo zinasema nini. Jioni tunakaa na watoto mbele ya televisheni kutazama tamthilia za mapenzi za nchi za watu. Binti akilia kwa ajili ya majirani waliozama, hapo ndipo tunakumbuka haya! Usiku ule watu zaidi ya 130 walikufa, hasa katika Mkoa wa Magharibi na wa Kaskazini. Wengi wetu tuliosalimika hatujakaa hata siku moja kuwasimulia watoto wetu.

Na mimi sijitoi. Miaka iliyopita nilimkuta mwanafunzi ameandika beti nyuma ya daftari la fiqhi. Nilimchania ukurasa mbele ya wenzake. Sikusoma hata mstari mmoja. Hakutunga tena, wala sijui alitaka kusema nini. Allah anisamehe. Sisi walimu tunawakaririsha watoto kasida za Kiarabu wasizozielewa, halafu tunashangaa wakienda kutafuta sauti zao mahali pengine.

Wenye chuo nao wana lawama yao. Mnasomeana mashairi katika chumba kilichofungwa, wasikilizaji ni ninyi kwa ninyi, na mzazi anaonjeshwa dakika mbili kupitia simu ya jirani. Mtu aliyepoteza nyumba kando ya Sebeya ndiye mwenye shairi lile, na hakualikwa. Binti naye nitamwambia: shairi lako halina vina wala mizani, nami napenda vina. Ugomvi huo upo tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974. Jifunze kwanza vya wazee, kisha ukiviacha tutajua umeviacha kwa kusudi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mzazi, kabla hujamwondoa mtoto, msikilize shairi lote, kisha nenda ukaone mahali anaposimama. Walimu wenzangu, tuwape watoto nusu saa kila juma watunge wenyewe kwa Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi hii. Na wewe mzee wangu, likizo ikifika, mlete binti katika uwanja wa madrasa yetu, asome mbele yetu sote mchana kweupe. Beseni nitaleta mimi.

Ukimwondoa chuoni, hutakuwa umemlinda. Utakuwa umemchania ukurasa kama nilivyofanya mimi.