Uchunguzi Uwafuate Akina Mama wa Uluguru
Seli ya mwanadamu haigawanyiki ovyo, hungoja ishara. Protini za ishara huiamuru ikue, na nyingine, kama p53 na Rb, huizuia. Virusi vya papiloma, hasa aina ya 16 na 18, vikidumu mwilini huvuruga utaratibu huo: protini yao ya E6 huiangamiza p53, na E7 huidhoofisha Rb. Hapo seli za mlango wa kizazi hukosa breki.

Wapo wanaoiona elimu hii kuwa anasa ya maabara, isiyomhusu mama wa Mgeta anayeteremsha kabichi zake sokoni. Sivyo. Elimu hiyo ndiyo inayoonesha kwamba uharibifu huo huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani. Katika muda huo, seli zilizobadilika huonekana nyeupe zikipakwa siki hafifu, na nyingi hutibika kwa kugandishwa au kuchomwa, hata siku hiyohiyo.

Chanjo, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018, huwakinga mabinti. Haiwaponyi mama zao walioambukizwa tayari. Kwa akina mama hao, ngao iliyobaki ni uchunguzi, nao usingoje wateremke Morogoro mjini. Uwafuate Nyandira na Matombo, siku za gulio. Wauguzi wachache na chupa ya siki wakipanda mlima leo, watawaokoa wengi na safari ya kesho ya kufuata mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, saratani ikiwa imekwisha kukomaa.