MySpace haikuangushwa na rangi zake

Ukiuliza kwa nini Facebook iliishinda MySpace huko Marekani, wengi watakujibu kwamba kurasa zake zilikuwa safi, buluu na nyeupe, ilhali za MySpace zilijaa vurugu: picha za kumetameta, maandishi ya rangi kali, muziki uliojipiga wenyewe ukurasa ulipofunguka. Jibu hilo linasahau watu. MySpace, mtandao wa kijamii ulioanzishwa mwaka 2003, iliwaruhusu watumiaji kuingiza misimbo na kupamba kurasa zao wapendavyo, na wanamuziki na vijana waliipendea hilo hasa. Facebook ilianza mwaka 2004 kwa wanafunzi wa Harvard pekee, ikasambaa vyuoni, na haikufungulia umma mlango hadi Septemba 2006. Kwa hiyo weupe wa kurasa zake ulifika kwa umma ukiwa tayari na harufu ya chuo kikuu. Mwaka 2007 mtafiti danah boyd aliandika kwamba vijana wa familia zenye uwezo, waliotarajia kwenda chuo, walikuwa wakihamia Facebook, huku wengi wa familia maskini, wakiwemo Walatino, wakibaki MySpace. Waliohama waliisema MySpace kwa maneno yale yale ya dharau yanayosemwa juu ya mitaa ya waliobaki.

Wapo watakaopinga kwamba MySpace ilijiua yenyewe. Kweli, baada ya kampuni ya habari ya News Corp kuinunua mwaka 2005 kwa dola milioni 580, matangazo yalizidi, kurasa zikawa nzito na ujumbe taka ukaenea. Lakini kero hizo ziliwapata watumiaji wote, tajiri na maskini, na haziwezi kueleza kwa nini waliotangulia kuondoka walikuwa wa tabaka moja, tena wakati MySpace bado ilikuwa na wageni wengi kuliko Facebook nchini humo. Hoja nzito zaidi ni kwamba ukurasa wa umbo moja husomeka kwa urahisi. Nakubali, na ni jambo la maana kwa msomaji. Ila halimlazimishi mbunifu kumnyang'anya mtu mapambo yake: Tumblr, iliyozaliwa mwaka 2007, ilimwachia kila mwenye blogu aivalishe apendavyo, huku wafuasi wake wakisoma machapisho hayo hayo katika safu moja iliyofanana kwa wote.