Hesabu ampea, si matundu!
Vijana wananiuliza eti habu gani ya USB yafaa kwa vile vidude vya kuchimbia bitcoin. Jamani, msihesabu matundu, hesabuni ampea! Geuza adapta, soma. Block Erupter, kidude cha mwaka 2013, hula nusu ampea kwa volti 5. Vikiwa saba ni ampea 3.5, basi mimi nachukua adapta ya 4 au 5. Ukiletewa matundu kumi na adapta ya ampea 2, ujue umeuziwa mapengo! Vipya vingi hula zaidi, tena vyataka feni. Utajiri je? Thubutu! Kidude hicho leo hakirudishi hata pesa ya luku. Chezea ujifunze, ada ya mtoto usiiguse. Haya, tuonane wiki ijayo!