Tuache kungojea faktire ya lopitali

Mwaka uliopita, sisi wa sendika tulipitisha kofia kwa siku nne. Mwenzetu mmoja, mchimbaji wa koltani upande wa Masisi, baba wa watoto watano, alikuwa amelazwa katika lopitali moja hapa Goma. Tifoidi ilimtoboa utumbo, ikabidi apasuliwe. Waganga walifanya kazi yao vizuri, ndugu yetu akapona. Lakini hakutoka. Faktire ilikuwa dola 420, na familia ilikuwa imelipa 150 tu. Wakamhamishia chumba cha nyuma, pamoja na wengine waliopona bila kulipa. Alikaa mule siku 19. Kila jioni mke wake alitoka Ndosho kwa miguu kumpelekea bugali.

Siku tuliyomtoa aliniambia: « Mukubwa, ile maji tunakunywaka kule ku shimo, njo imekula pesa ya kiwanja yangu. » Alikuwa ameweka akiba miaka mitatu ili anunue kiwanja. Maji ya mtoni hayauzwi, lakini yeye aliyalipa kwa kiwanja kizima.

Wandugu, katika mikutano yetu tunasema sana juu ya bei ya kilo, mizani ya uongo na kodi za barabarani. Juu ya afya tunasema siku ya kuchanga tu: kuchangia lopitali ao kuchangia sanduku. Maoni yangu ni kwamba ugonjwa unatunyang'anya pesa sawa na mnunuzi mwenye mizani mbaya, na sehemu ya pesa hiyo tunaweza kuizuia kabla haijatoka mfukoni.

Tuanze na maji. Kila mtu wa Goma anajua mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba kisima ni taabu, kuchimba choo chenye kina ni taabu vilevile. Maji tunayatoa ziwani, na uchafu wetu nao unashuka ziwani. Kipindupindu hakijatuacha. Wale wa umri wangu tunakumbuka mwezi wa saba mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu: katika mwezi wa kwanza tu walikufa karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Magonjwa hayo yote mawili, na tifoidi pia, yanapitia mdomoni, kwa maji, chakula na mikono michafu.

Nyumbani kwangu tuko watu saba. Miaka miwili iliyopita mama watoto alianza kuandika katika daftari kila franga iliyoenda kwa ugonjwa: dawa, vipimo, moto wa kwenda kwa munganga. Mwisho wa mwaka tukakuta dola 312. Nilidhani amekosea hesabu. Mwaka uliofuata tulibadilisha mambo matatu tu: maji ya kunywa yanachemshwa ao yanatiwa klorini, sabuni inakaa karibu na choo, na watu wote wanalala ndani ya chandarua. Makala, klorini na sabuni vilitukula dola 65, magonjwa yakatukula 138. Jumla 203. Sisemi kila nyumba itapata hesabu hiyo, kuna mwaka mbaya na mwaka mzuri. Nasema tu kwamba kabla ya lile daftari sikujua pesa yangu inapita wapi.

Kuna mtu atasema watu wetu hawabadiliki. Si kweli, tulishabadilika mara moja. Tarehe 14 mwezi wa saba mwaka 2019, Ebola ilithibitishwa hapa Goma kwa mara ya kwanza. Tuliogopa. Ndoo za kunawia zikawekwa kwenye milango ya maduka, makanisa, misikiti na mashule. Hata kusalimiana kwa mkono tuliacha. Chanjo na kazi ya kufuatilia waliogusana na wagonjwa zilisaidia sana, lakini na sisi wananchi tulitimiza yetu. Ugonjwa haukuenea mjini kama tulivyohofia. Mwezi wa sita 2020 wakatangaza umeisha upande wetu huu wa mashariki, na baada ya Korona kupungua, ndoo zikaondoka. Leo pitia mlango wowote, uhesabu zilizobaki. Kuhara hakukuondoka na Ebola. Sisi tu ndio tuliacha kunawa.

Sasa vumbi. Huko machimboni kijana anaona kikohozi ni alama ya kazi. Anafunga kitambaa kinywani, anashuka. Kitambaa kinazuia vumbi kubwa, lile jembamba la mawe linapita, linaingia mapafuni na halitoki tena. Mapafu yakisha kukauka hivyo hakuna dawa ya kuyarudisha, na kifua kikuu kinamkamata mtu huyo upesi kuliko mwingine. Kumwagia maji pahali unapogonga jiwe kunapunguza vumbi mara moja, na hakuhitaji mashine ya kizungu. Na anayekohoa zaidi ya wiki mbili aende kupima. Katika Kongo yetu dawa za kifua kikuu zinatolewa bure na programu ya taifa. Nimeona watu wanamaliza mwaka mzima wakinunua sirapu sokoni, kumbe dawa yenyewe ilikuwa inawangoja bila franga.

Jambo la nne litanikosanisha na marafiki. Siku ya malipo, pesa inapita kwanza kwenye kasiksi, kanyanga na bia, halafu kwenye nyama ya kuchoma yenye chumvi nyingi, ndipo inafika nyumbani. Na mimi nilikuwa hivyo, sitawadanganya. Nilipofika miaka 41 walinipima tansio kwa bahati tu, nilikuwa nimesindikiza mtoto kituo cha afya. Ilikuwa juu na sikusikia maumivu yoyote. Ndiyo ubaya wa tansio, haipigi hodi. Inakaa kimya miaka, siku moja mtu anaanguka, upande mmoja unakufa, na familia inapoteza mshahara na kupata mgonjwa wa kuhudumia. Kupima ni dakika tano. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isipite gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na hesabu hiyo inachukua ile iliyo ndani ya vidonge vya mchuzi pia. Maharagwe, sombe, lengalenga na sambaza za ziwa letu vinalisha vizuri, na kwa bei havikaribii nyama na bia. Mimi nimeacha kanyanga kabisa. Bia ninakunywa siku ya sherehe.

Halafu kuna dawa tunazonunua bure. Homa kidogo, mtu anakimbia famasi: « Munipe ya malaria na ya tifoidi, vyote viwili. » Uchovu kidogo, anaomba awekewe seromu. Anatumia pesa, homa inarudi, anaanza tena. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoka katika tone moja la damu na bei yake ni ndogo kuliko dawa za kubahatisha. Kujua ugonjwa kabla ya kununua dawa ni akiba pia.

Nilipoyasema haya katika mkutano, kijana mmoja alisimama: « Mukubwa, siye tunakufa na masasi, mashimo inatuangukia, na weye unatuambia tunawe mikono? » Watu walicheka, na mimi sikukasirika. Ana haki. Mtu aliyekimbia vita mara tatu haumwambii chemsha maji kama hana makala. Lakini nilimjibu hivi: sasi sina uwezo wa kuizuia, mulima sina uwezo wa kuuzuia usianguke usiku huu. Maji ya bidoni yangu nina uwezo nayo. Nikikataa hata lile dogo ninaloweza kwa sababu ya kubwa nisiloweza, nitapoteza yote mawili.

Na hapa nisieleweke vibaya. Siwaambii wachimbaji kwamba wakiugua ni kosa lao. Mtu anayefanya kazi saa 12 pahali pasipo choo wala maji safi, hata akiwa na akili ya profesa, ataugua. PDG wa shimo na koperative wanaokula juu ya kila mfuko wa madini wanapaswa kuweka maji yenye klorini, vyoo, na maji ya kulowesha mawe. Katiba yetu, kifungu cha 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Sheria ya kazi ya 2002 inamlazimisha mwajiri kumtibisha mfanyakazi pamoja na familia yake. Mchimbaji wa mkono hana mwajiri kwenye karatasi, ndiyo maana anaachwa. Basi sendika ilete madai hayo kwa koperative, kwa maandishi, pamoja na yale ya mizani.

Na kwa magonjwa ambayo hata maisha safi hayazuii, tuweke mfuko. Sheria ya mutuwele iko tangu tarehe 8 mwezi wa pili 2017, hatuna haja ya kuvumbua kitu. Siye watu wa Goma tunajua likirimba: kila wiki tunatoa, tunapokezana, na mtu akikosa tunamfuata mpaka mlangoni. Nidhamu hiyo tuipeleke kwa afya. Watu 100 wakitoa dola 1 kila mwezi, mwaka unaisha na dola 1,200. Kwa pesa hiyo ndugu yetu asingekaa siku 19 katika chumba cha nyuma. Tena mfuko utadumu zaidi kama wanachama wenyewe wanajilinda, kwa sababu faktire zitakuwa chache.

Katika mkutano ujao wa sendika nitaomba mambo mawili yaandikwe kwanza katika ajenda: barua kwa koperative juu ya maji, na jina la mtu atakayeshika daftari la mfuko. Wewe unayesoma, usitungoje. Leo jioni chukua daftari ya mtoto iliyobakiza kurasa, uandike franga ulizotoa kwa ugonjwa mwezi huu. Mwisho wa mwezi ukae na mama watoto, muhesabu pamoja.